Uwanja Baada ya Mashindano: Hesabu Inayompasa Mwanachama Kuijua

Tarehe 27 Septemba 2023, mjini Cairo, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika (CAF) lilizikabidhi Kenya, Tanzania na Uganda dhamana ya kuandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Hapana hata moja kati ya nchi hizo tatu iliyopata kuandaa fainali hizo kabla ya hapo. Habari ile ilipokelewa kwa shangwe, na kwa haki; kwani mpira ni mchezo wa watu, na hapana apendaye kuwa mgeni siku zote katika harusi za wenzake.

Miaka miwili baadaye tulionjeshwa. Kuanzia tarehe 2 hadi 30 Agosti 2025, nchi hizo hizo ziliandaa mashindano ya CHAN, yaani yale ya timu za taifa zinazoundwa na wachezaji wa ligi za nyumbani. Mchezo wa kwanza ulichezwa Dar es Salaam, ambako Tanzania iliifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 0. Wa mwisho ulichezwa Kasarani, Nairobi, ambako Moroko iliishinda Madagaska 3 kwa 2. Mashindano hayo yalikuwa yamepangwa kufanyika Februari, yakaahirishwa kwa kuwa matayarisho ya viwanja na huduma nyingine yalikuwa hayajakamilika. Sisi wa Buzuruga tuliyatazama kama tunavyotazama mengine yote: katika televisheni, nyumbani au katika mabanda ambayo vijana wameyapa jina la vibanda umiza.

Jarida hili si la michezo, na msomaji aweza kuuliza mambo haya yanahusiana nini na pamba, mizani na akiba za wanachama. Yanahusiana kwa njia moja tu, nayo ni kubwa. Fedha za Serikali zinazojenga viwanja hutoka katika mfuko ule ule unaotazamiwa kuleta mbegu, viuadudu, malambo na barabara za kutoa mazao vijijini. Swali la kama yafaa Serikali itumie mabilioni ili kuwa mwenyeji wa mashindano makubwa ni swali la matumizi, na matumizi ndiyo kazi ya kila siku ya katibu wa chama cha msingi. Katibu ambaye amewahi kupeleka mbele ya mkutano mkuu pendekezo la kujenga ghala anazo tayari zana zote za kulipima jambo hili.

Daftari mbili

Yafaa kwanza ieleweke fedha zinatoka wapi na zinaingia wapi. Mashindano ya namna hii yana daftari mbili, nazo hazifungwi na mtu mmoja.

Daftari ya kwanza ni ya mwenye mashindano, yaani CAF. Huyu huuza haki za kutangaza michezo katika televisheni na huwatafuta wadhamini wakubwa, na mapato hayo ni yake. Daftari ya pili ni ya mwenyeji. Humo huandikwa viwanja vya kuchezea, viwanja vya kufanyia mazoezi, barabara za kuvifikia, taa, mitambo ya mawasiliano, ulinzi, na hospitali za kusubiri majeruhi. Mkulima wa pamba ataielewa hali hii bila kuelezwa mara mbili: mmoja analima, anapalilia na kupulizia dawa, na mwingine ndiye mwenye mizani.

Husemwa kwamba mwenyeji atafidiwa na wageni watakaolala katika hoteli, watakaokula na kupanda magari. Kuna ukweli katika jambo hilo, lakini lazima hesabu ifanywe kwa uangalifu. Mtu wa Buzuruga anayetoa shilingi 1,000 kuingia katika banda la video siku ya mchezo huzitoa katika mfuko ule ule ambao jana ungenunua samaki au nauli ya daladala. Mwenye banda amepata, mwuza samaki amekosa, na uchumi wa kata umebaki ulivyokuwa. Fedha mpya ni ile tu iletwayo na mgeni atokaye nje, ambaye asingekuja kama si mashindano. Tena mgeni huyo asimfukuze mwingine: mtalii anayekuja Arusha kwa ajili ya mbuga, akikuta hoteli zimejaa na bei zimepanda, hukaa kwao au huenda penginepo.

Kwa upande wa matumizi nako kuna uvujaji. Mkandarasi mkubwa aghalabu ni wa kampuni ya nje. Viti, taa na vioo vya matokeo huagizwa kutoka nje. Kinachobaki nyumbani ni ujira wa vibarua, saruji, kokoto na mchanga. Si kidogo, lakini si zile jumla zinazotajwa majukwaani.

Kwa hiyo hoja ya kwamba mashindano yatajilipa yenyewe katika majuma yale manne haina nguvu. Wataalamu wa uchumi waliochunguza mashindano ya namna hii katika nchi mbalimbali wamekuta mara nyingi kwamba faida iliyoahidiwa haikuonekana vitabuni. Iwapo kuna faida ya kweli, itafutwe katika kile kinachobaki baada ya wageni kuondoka.

Bei ya kiti kimoja

Tuchukue uwanja mpya wa Arusha, unaojengwa katika Kata ya Olmoti kwa ajili ya fainali za 2027. Mkataba wake na kampuni ya Kichina ulitiwa saini mwaka 2024, kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 286, nao umekusudiwa kuchukua watazamaji 30,000. Tukigawanya, kila kiti kimoja kimegharimu kama shilingi milioni 9.5. Tufanye, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba mkulima anapata shilingi 1,200 kwa kilo ya pamba mbegu. Kiti kimoja ni sawa na karibu kilo 8,000. Wengi wetu tunajua ni ekari ngapi hizo, na misimu mingapi.

Sasa tuitazame idadi ya michezo. Fainali za timu 24 huwa na michezo 52 kwa jumla. Hata kama viwanja vya nchi zote tatu vingekuwa 10 tu, kila kimoja kingepata wastani wa michezo 5. Kama uwanja huo ungekuwa ni wa mashindano hayo pekee, kila mchezo ungebeba zaidi ya shilingi bilioni 57 za ujenzi, kabla ya kununua taa moja au kumlipa mlinzi mmoja.

La hasha, atasema mwenye kutetea. Uwanja haujengwi kwa mwezi mmoja, bali kwa vizazi. Na hiyo ndiyo hoja yenye uzito. Basi tuifuate mpaka mwisho. Tukilipa jengo hilo umri wa miaka 50, uchakavu wake peke yake ni kama shilingi bilioni 5.7 kwa mwaka, au milioni 110 kwa kila juma. Katibu anajua kwamba uchakavu si fedha inayotoka leo mkononi, lakini ndiyo fedha inayopaswa kuwekwa ili siku jengo linapochoka pawe na kitu cha kulirudishia. Juu ya hiyo yapo maji ya nyasi, umeme, mafundi na walinzi. Swali linakuwa jepesi: ni nani atakayekodi uwanja huo juma baada ya juma, kwa kiasi gani?

Hapa ndipo panapohitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu mkataba ulipotiwa saini mwaka 2024 Arusha haikuwa na timu hata moja katika Ligi Kuu. Mwanza, kwa upande wake, iliiona Pamba Jiji ikirudi katika Ligi Kuu mwaka huo huo, baada ya kukaa nje kwa zaidi ya miaka 20. Hatusemi haya kwa wivu wa mkoa kwa mkoa. Tunayasema kwa kuwa yanaeleza jinsi mashindano yanavyochagua mahali. CAF hutaka uwanja wa ndege wa kimataifa, hoteli nyingi za hadhi ya juu, na hospitali kubwa karibu. Masharti hayo ni ya haki kwa mwenye kuleta wageni. Lakini ni masharti ya wageni. Hayaulizi watoto wanacheza wapi, wala timu ipi haina uwanja. Uwanja unaojengwa kwa kufuata mashindano huenda pale ambapo mgeni atalala vizuri, na mchezaji wa nyumbani atafutiwe baadaye.

Mfano mwema na mifano migumu

Tunao mfano wetu wenyewe wa uwanja uliofanikiwa. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ulifunguliwa mwaka 2007, una viti 60,000, na uligharimu takriban dola milioni 56 za Marekani, sehemu kubwa ikiwa ni msaada wa Serikali ya China. Haukujengwa kwa sababu ya mashindano yoyote. Mwaka 2019 ulipokea fainali za Afrika za vijana wa chini ya miaka 17, na fainali za wakubwa za CAF hazikuuona mpaka CHAN ya 2025, yaani miaka 18 baada ya kufunguliwa. Hata hivyo haukukaa bure, kwa sababu Simba na Yanga walikuwapo kabla yake, na watazamaji wao walikuwa tayari wamejaa hadi kwenye miti. Haja ilitangulia, uwanja ukafuata.

Lakini hata huo umetufundisha somo la matengenezo. Mwezi Machi 2025 CAF iliufungia kwa muda kwa sababu ya hali mbaya ya eneo la kuchezea. Mwezi Mei mwaka huo huo Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane ya Moroko. Mchezo wa marudiano, ambao ungeujaza uwanja wa watu 60,000, ulihamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar, ambao ni mdogo zaidi, na ukachezwa huko tarehe 25 Mei kwa sare ya 1 kwa 1. Kombe likaenda Berkane kwa mabao 3 kwa 1 ya jumla. Wakati huo uwanja wa Mkapa ulikuwa tayari katika mpango wa ukarabati uliotengewa mabilioni ya shilingi. Zege, nguzo na viti vyote vilikuwapo. Kilichokosekana ni nyasi nzuri na mifereji ya kupitisha maji ya mvua, vitu ambavyo havimo katika picha za sherehe ya uzinduzi.

Kasarani ya Nairobi ni mfano wa kati na kati. Ilijengwa kwa msaada wa China ili kupokea Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, na imetumika miaka yote hiyo kwa mpira na kwa riadha; mwaka 2017 na 2021 ilipokea mashindano ya dunia ya riadha ya vijana. Uwanja ulio katika jiji kuu, lenye watu mamilioni, hupata kazi. Lakini miaka 30 baada ya michezo ile, yaani mwaka 2017, Kenya ilinyang'anywa uenyeji wa CHAN ya 2018 kwa kuwa viwanja vyake havikuwa tayari, na mashindano yakaenda Moroko. Aliyejenga mara moja hakuepuka kujenga mara ya pili.

Sasa twende mbali kidogo. Afrika Kusini ilipokea Kombe la Dunia mwaka 2010 kwa heshima kubwa, na hapana Mwafrika asiyefurahi. Katika mji wa Nelspruit ulijengwa uwanja wa Mbombela, wa watu zaidi ya 40,000, ukapata michezo 4. Polokwane nako ulijengwa uwanja mpya, ukapata michezo 4. Miaka minne baadaye Brazili ilijenga uwanja wa zaidi ya watu 40,000 huko Manaus, katikati ya misitu ya Amazon, katika jimbo ambalo halikuwa na timu katika daraja la kwanza la ligi ya nchi. Nao ulipata michezo 4. Baada ya hapo kila mji ulibaki na jengo la kutunza na watu wachache wa kulijaza.

Mwanachama wa ushirika wa kanda hii hahitaji kusafiri mpaka Manaus ili aelewe. Anavijua viwanda vya kuchambua pamba vilivyokaa kimya miaka mingi, mashine zikiota kutu, huku wanachama wakiendelea kukatwa fedha kwa ajili ya madeni yake. Kiwanda hujengwa kwa hesabu ya msimu mzuri kuliko yote. Pamba ikipungua, kiwanda hakipungui.

Deni lina umri wake

Jambo la madeni lataka kuelezwa peke yake, kwa kuwa ndilo linalosahaulika upesi baada ya sherehe.

Kenya, katika kujenga uwanja wake mpya wa watu 60,000 jijini Nairobi, uliojulikana kwa jina la Talanta, ilitumia njia ya hati fungani. Mwaka 2025 ziliuzwa hati za karibu Shilingi za Kenya bilioni 44.8, kwa riba ya takriban asilimia 15 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 15. Nazo zinatarajiwa kulipwa kutokana na fedha za mfuko wa serikali wa michezo, sanaa na maendeleo ya jamii. Tuelewe maana ya masharti kama hayo kwa kuchukua shilingi 100. Ukikopa 100 kwa riba ya asilimia 15, ukalipa kwa mafungu yaliyo sawa kila mwaka kwa miaka 15, kila fungu litakuwa kama shilingi 17, na mwisho utakuwa umelipa kama 256. Hatudai kwamba ratiba ya Talanta ni hiyo hasa. Tunaonyesha uzito wa riba ya namna hiyo, ambao katibu wa SACCOS yoyote anaujua. Mashindano ni ya mwezi mmoja. Mtoto atakayezaliwa wakati wa fainali atakuwa anamaliza shule ya msingi na deni lingali linalipwa.

Wazee wetu watakumbuka Michezo ya Olimpiki ya Montreal, Kanada, ya mwaka 1976. Tanzania haikushiriki. Ilikuwa mstari wa mbele katika mgomo wa nchi za Afrika zilizopinga New Zealand kuruhusiwa, ilhali timu yake ya ragbi ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alikosa nafasi yake kwa ajili ya msimamo huo wa nchi. Sisi tulilipa gharama yetu ya heshima mara moja, ikaisha. Wenyeji wa Montreal waliendelea kulipa deni la uwanja wao mpaka mwaka 2006, miaka 30 kamili.

Tukiwa hapo kwa Bayi, yafaa kusema neno lingine. Yeye na Suleiman Nyambui, kijana wa Majita, pwani ya Ziwa letu upande wa Musoma, ndio waliotuletea medali mbili za fedha huko Moscow mwaka 1980. Mwezi Septemba 2025 Alphonce Simbu alishinda mbio za marathoni za ubingwa wa dunia mjini Tokyo. Hawa wote hawakutokana na uenyeji wa mashindano. Walitokana na walimu, mashindano ya shule, majeshi na barabara za vumbi. Kuendeleza michezo na kuandaa mashindano ni kazi mbili, na bajeti ya moja isihesabiwe kuwa ni ya nyingine.

Haraka nayo ina gharama. Kameruni ilipewa fainali za 2019, ikapokonywa mwishoni mwa 2018 kwa kuchelewa, ikapewa nyingine ambazo zilichezwa Januari 2022. Tarehe 24 Januari mwaka huo watu 8 walikufa kwa kukanyagana mlangoni mwa uwanja mpya wa Olembe, mjini Yaoundé. Jengo jipya peke yake halitoshi kuwalinda watu. Milango, askari na utaratibu wa kuingia ni sehemu ya uwanja.

Upande wa pili wa mizani

Tungekuwa tunafanya hila kama tungenyamaza kuhusu mema. Kodivaa ilitumia zaidi ya dola bilioni moja kwa ajili ya fainali zilizochezwa Januari na Februari 2024, na sehemu kubwa ilikwenda katika barabara, hoteli na huduma za miji ya ndani ambayo ilikuwa imesahauliwa. Timu yao ikatwaa kombe nyumbani kwa kuifunga Nigeria 2 kwa 1. Anayesema furaha ile haina thamani hajapata kuwa mahali ambapo watu elfu wanaimba pamoja. Barabara zinazojengwa kwa ajili ya tarehe iliyotangazwa hujengwa kweli, ilhali zile zisizo na tarehe hungoja.

Kadhalika utaratibu wa nchi tatu kugawana mzigo ni wa busara. Ni ushirika wenyewe huo. Nchi moja ingelazimika kutafuta viwanja vyote peke yake. Nchi tatu zinatumia Mkapa, Amaan, Kasarani, Nyayo na Namboole vilivyokuwapo, na kuongeza vichache. CHAN ya 2025 ilichezwa katika viwanja hivyo vitano vya zamani vilivyokarabatiwa, bila kungoja hata kimoja kipya. Kwa maoni yetu huo ndio mpaka ambao ungefaa kulindwa.

Tena si kila shilingi hupimwa kwa faida. Kila mwaka vyama vyetu hutenga fedha kwa ajili ya Siku ya Ushirika Duniani, kwa ngoma, chakula na usafiri, na hapana mkaguzi anayeuliza zimeleta ziada gani. Ni matumizi ya sherehe, yameandikwa hivyo. Huko Kisesa, katika barabara hii hii iendayo Musoma, sherehe za Bulabo hukusanya kila mwezi Juni maelfu ya watu kutazama Bagika na Bagalu wakishindana kwa ngoma. Hakimu ni watazamaji wenyewe: kundi lililowavuta wengi ndilo lililoshinda. Wachezaji hutafuta dawa, nyoka na mbinu mpya kwa gharama zao, na uwanja ni uwanja tu. Serikali nayo ina haki ya kufanya sherehe. Ombi letu ni kwamba sherehe iandikwe kuwa ni sherehe, kwa kiasi kinachojulikana, isije ikavalishwa koti la uwekezaji na kuombewa mkopo.

Kirumba, daraja, na maswali ya kuulizwa

Katika mipango iliyotangazwa kwa ajili ya 2027, Mwanza haikuwa miongoni mwa miji ya michezo. Tuna Uwanja wa CCM Kirumba, ambao, kama vile Sokoine wa Mbeya, Kambarage wa Shinyanga na Ali Hassan Mwinyi wa Tabora, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi na si ya Serikali wala ya halmashauri. Hali hiyo ya umiliki ina matokeo yake: fedha ya umma haiwezi kuingia kwa urahisi katika kukarabati mali isiyo ya umma, na mwenye mali hana mapato ya kutosha kuitunza ipasavyo. Sehemu ndogo ya fedha za uwanja mmoja mpya, pamoja na makubaliano ya umiliki, ingeweza kuvitengeneza viwanja kadhaa vya mikoani ambavyo tayari vina timu na watazamaji.

Hatusemi kwamba kanda yetu haikupata kitu. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililogharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Ni zaidi ya mara mbili ya gharama ya uwanja wa Arusha. Lakini linapitwa kila saa, usiku na mchana, na magari yaliyokuwa yakingoja kivuko, yakiwamo ya pamba, samaki na wagonjwa. Hapana aliyehitaji kuwatafutia watu sababu ya kulitumia.

Katibu wa chama cha msingi anajua kwamba mkutano mkuu hauidhinishi jengo kwa kuonyeshwa picha. Huletewa makisio ya mapato na matumizi, na huweka ukomo wa madeni, ambao hupelekwa kwa Mrajis. Mwanachama yeyote aweza kusimama na kuuliza: ghala hili litahifadhi nini mwezi wa pili, wakati hakuna pamba? Mlinzi atalipwa kutoka wapi? Likivuja, nani atapanda juu? Maswali hayo hayo yanafaa kupelekwa kwa mbunge na diwani kuhusu viwanja. Nani amepewa jukumu la kuuendesha uwanja wa Arusha baada ya fainali, na bajeti yake ya matengenezo kwa mwaka ni kiasi gani? Ni timu zipi zimeahidi kuutumia, na kwa kodi ipi? Fedha zilizotumika kwa CHAN ya 2025 zilikuwa kiasi gani, na mapato ya viingilio yalikuwa kiasi gani? Viwanja vya mazoezi vilivyokarabatiwa kwa ajili ya timu za kigeni vitafunguliwa kwa shule, au vitafungwa kufuli?

Makisio ya wizara hujadiliwa Bungeni kuanzia Aprili, na bajeti ya Serikali husomwa mwezi Juni. Katibu atakayependa kulipeleka jambo hili katika mkutano wa chama chake yafaa alifanye kabla ya mwezi Mei, maana msimu wa ununuzi ukishafunguliwa na mizani ikiwa imetundikwa, hapana mwanachama atakayekaa kusikiliza habari za viwanja.